Albamu ya Dada Mtu

Mwaka ule nilikosana na dada yangu kwa ajili ya muziki, na kwa wiki tatu nzima sikujua kwamba tumekosana. Nilidhani ugonjwa umemrudia. Nilikuwa nikikaa kwenye cherehani yangu sokoni Bariadi, mguu kwenye pedali, jicho kwenye simu, na simu imenyamaza. Siku hizo nilishona mifuko ya suruali nje ndani, na wateja wangu ni mashahidi.

Nianze na ubishi wenyewe, maana bila ubishi hakuna habari hapa. Mimi na dada tumebishana tangu nilipojua kusema. Ananizidi miaka saba. Mama alipokuwa shambani mimi nilikuwa mgongoni kwake, na nadhani hata huko mgongoni nilikuwa napinga njia anayopita. Yeye akasoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi kule Ngulyati, akaolewa hukohuko. Mimi na shule tulichokana mapema, nikajifunza ushonaji. Muziki tulibaki nao wote wawili: yeye anaimba, mimi nasikiliza, na kila mmoja anaamini kazi yake ndiyo ngumu.

Sasa, mwaka huo ndugu wawili maarufu, kaka na dada wa tumbo moja, walitoa albamu ndani ya mwezi mmoja. Majina sitaji, wana mashabiki wakali. Hapa kwetu waliitwa kaka mtu na dada mtu, basi. Ilisemekana babu yao mzaa baba alitokea Sola, kule Maswa, na tangu uvumi huo uanze sijakutana na mtu wa Sola ambaye si binamu yao. Kisukuma kina neno ilumbu: kwa mwanamume ni ndugu yake wa kike, kwa mwanamke ni ndugu yake wa kiume. Ilumbu wako ndiye unayemtetea mbele za watu hata akiwa amekosea. Kwa hiyo watu sokoni walishangaa kuona ilumbu na ilumbu wanatoa kazi kwa mpigo, kila mmoja na yake. Wengine walisema wamegombana, wengine walisema ni biashara tu. Mimi nilisema tusikilize kwanza, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwangu kusema jambo la busara mwaka ule.

Albamu ya kaka mtu ilikuwa na nyimbo kumi na mbili, zote za kuamsha ukumbi. Hata ule wimbo wa msiba aliuwekea ngoma ya kurukaruka. Ya dada mtu ilikuwa na nyimbo tisa, za taratibu, magita mengi, na mmoja unaanza na sauti ya mtu anayepepeta mchele, unasubiri wimbo uanze mpaka unachoka. Mimi nilikuwa upande wa kaka mtu bila kificho. Muziki wake unashona. Ukiuweka, mguu unakwenda wenyewe, unamaliza sare za darasa zima kabla ya saa sita. Dada alikuwa upande wa dada mtu, na hakunionea haya. Aliniandikia kwamba kaka mtu anapiga kelele kama mtu anayeogopa kubaki peke yake na mawazo yake. Nilimjibu kwamba dada mtu anaimba kama amelazimishwa kuamka.

Hayo ya nani mkali yangeisha. Kilichotuchelewesha ni swali la pili: huu muziki wa dada mtu ni muziki gani? Mimi nilisema ni Bongo Fleva. Msimamo wangu ulikuwa rahisi, kwamba kila kinachoimbwa Kiswahili na mtu aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba ni Bongo Fleva. Jirani yangu wa kibanda cha vitambaa, mtu wa Tanga, mpole na msafi hadi kola, alisema ile ni taarabu iliyovaa jinzi, na akanionyesha mahali fidla inapoingia. Vijana wa bodaboda walisema ni amapiano, lakini wao kila kitu ni amapiano. Dada yangu aliandika kwa herufi kubwa: NI REGE. Aliniambia nisikilize gita, siyo miwani.

Ubishi huu na dada ulikuwa wa kuandikiana tu, na sababu yake si ya kucheka. Miezi miwili nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji Mwanza, kuondolewa uvimbe wa tezi shingoni. Uvimbe wenyewe haukuwa wa kutisha, walituambia hivyo na tukashukuru. Lakini daktari alimweleza kwamba pale walipokata ni jirani na mishipa ya sauti, kwa hiyo sauti itarudi polepole, inaweza kurudi tofauti, na aifanyie mazoezi kidogokidogo kila siku. Alitoka hospitali ananong'ona. Huyu ndiye mwalimu anayeanzisha wimbo mstarini asubuhi na shule nzima inadaka. Huyu ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya tangu akiwa msichana.

Shemeji alinieleza kwamba mazoezi yaliandikwa kwenye karatasi, na dada aliichukua karatasi akaiweka ndani ya Biblia, akafunga. Kunong'ona aliendelea nako, na darasani alipata mwenzake wa kumshika mkono, lakini kuimba hakutaka hata kujaribu. Alisema bora asijue, kuliko ajaribu na akute haipo. Nilimwelewa, maana na mimi nilikuwa naogopa hivyohivyo. Nadhani ndiyo maana nilimbishia zaidi kuliko kawaida. Kwenye maandishi alikuwa yuleyule wa zamani, mwenye ulimi, na nilitaka abaki huko.

Ikafika Jumamosi moja, tukaamua sokoni tumalize maneno. Wazee wetu walikuwa na njia yao ya kuamua haya mambo: vikundi viwili vya ngoma vinacheza siku moja kwenye uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule mwenye watu wengi mwisho wa siku. Hakuna hakimu. Miguu ya watu ndiyo inaamua. Basi na sisi tukaweka sabufa mbili, yangu mlangoni kwangu ikipiga kaka mtu, ya jirani wa vitambaa upande wa pili wa njia ikipiga dada mtu, kwa wakati mmoja. Zamani waganga walihusika, dawa ya kuvuta watu. Jirani alikuja kuchungulia chini ya sabufa yangu ahakikishe sijafukia kitu.

Mwanzo nilikuwa na watu. Vijana walicheza, njia ikaziba, nikaanza kujisikia. Kisha wakaanza kuvuka mmojammoja, bila kelele, kama watu waliokumbuka wana shughuli upande wa pili. Kufikia adhuhuri upande wangu nilibaki na vijana wa bodaboda na mbuzi wa mtu. Kule ng'ambo akina mama wa dagaa walikuwa hawachezi sana, wanasogeza mabega tu huku wanapima dagaa. Nikawatazama mabega. Mimi ni mtu wa pedali, najua mguu unaposhuka na unapopanda. Lile gita la dada mtu lilikuwa halipigi mguu ukishuka. Lilikuwa linadonoa mguu ukipanda, kila mara, palepale, na mabega ya akina mama yalikuwa yanapanda nalo. Nikajua dada yangu amenishinda.

Dakika hiyohiyo simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwake, wa kwanza tangu upasuaji. Nikaubana sikioni katikati ya sabufa mbili. Alikuwa ameimba ubeti wa wimbo wa tatu wa dada mtu, huku anagonga meza kwa rula kunionyesha gita linapodonoa. Nikasikiliza rula. Ilikuwa inagonga sawasawa na yale mabega. Sikutaka kungoja, nikabonyeza nikamjibu kwa sauti hapohapo, nikipiga kelele ili nisikike:

“Dada, nimesikiliza mpaka mwisho. Mimi sina ubishi tena. Ni lege, lege kabisa.”

Nimeandika nilivyotamka. Kisukuma chetu hakina r, na mimi hiyo herufi haijawahi kulala mdomoni mwangu hata siku moja. Nyumbani kwangu kuna ledio, ukuta una langi, na ndugu yangu akisafiri namwombea asafili salama. Kwenye karatasi naiandika vizuri, dada mwenyewe ndiye aliyenifundisha, lakini mdomo ulikataa mafunzo. Nilimaanisha rege. Nilikuwa nimekubali kushindwa, jambo ambalo sikumbuki kulifanya kabla ya hapo, na nilirudi kwenye cherehani nikijiona mtu mwema.

Hakujibu. Alama zilionyesha amesikiliza. Jioni nikatuma salamu, kimya. Kesho yake nikapiga, ikaita hadi ikakata. Nikajiambia yuko kanisani. Siku ya tatu nikampigia shemeji, akasema yupo, anakusalimu. Nikaomba nizungumze naye, akasema ametoka kidogo. Wiki ya pili ikawa hivyohivyo, yupo, anakusalimu, ametoka. Mara moja nilisikia nyuma yake sauti kama ya mtu anayelia au anayeita, mbali, na shemeji akaaga harakaharaka. Nilipombana aniambie ukweli, alinijibu maneno mawili yaliyonikosesha raha.

“Mwache kwanza,” alisema.

Mtu mzima haachwi kwanza. Anayeachwa kwanza ni mgonjwa. Nikaanza kuona mambo: kidonda kimefunguka, uvimbe umerudi, wamenificha kwa sababu mimi ni wa mwisho kuzaliwa na wa mwisho huambiwa mwisho. Jirani wa vitambaa alinishauri niende, na mimi nikasema nitaenda, nikapitisha siku nyingine nne. Ukweli ni kwamba niliogopa. Hata kaka mtu nilimzima. Nilishona kimyakimya na kazi ikachelewa.

Jumamosi ya tatu nikafunga kibanda, nikaazima pikipiki, nikaenda. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani pande zote mbili za njia na watu walikuwa wameinama wakivuna, na mimi niliwaonea wivu wote kwa kuwa walikuwa na kazi ya kufanya kwa mikono yao. Nilikuwa napanga maneno ya kusema nikikuta watu wamekaa uani. Sikukuta watu. Nilimkuta dada peke yake kwenye kiti nje ya nyumba, ameweka rundo la madaftari mapajani, kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha. Amenenepa kidogo. Kwa nafuu niliyoipata nilisahau hata kushusha stendi ya pikipiki.

“Mwangaluka, dada,” nilimsalimia.

“Mwangaluka,” aliitikia, akaishia hapo.

Kwa asiye wa kwetu hilo si kitu. Lakini kwetu salamu haiishii hapo, baada ya mwangaluka huja mhola, yaani salama, huulizwa nyumba, watoto, mvua, na ng'ombe, hata wale ambao hatunao. Dada yangu hajawahi kunisalimia kwa neno moja tangu nizaliwe. Nikajua hapo kwamba haumwi, amekasirika, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Hasira ningeiweza.

Shemeji akatoka na kigoda na kikombe cha maziwa mgando, akaviweka karibu yangu, akaenda kusimama kando ya magunia ya pamba kama mtu ambaye hayupo. Dada hakuinua macho kwenye daftari.

“Umekuja kusikiliza sauti legelege?” aliuliza.

Nikamwambia sielewi. Akaniangalia kwa muda, akaona kweli sielewi, akachukua simu na kuweka ule ujumbe wangu. Nikajisikia nikipiga kelele katikati ya kaka mtu na dada mtu: mimi sina ubishi tena, ni lege, lege kabisa. Nilisikia kama alivyosikia yeye. Nilifungua mdomo kueleza, na kitu cha kwanza kilichotoka ni lege tena, na nikaona jicho lake linabadilika. Nikafunga mdomo. Nikaichukua ile kalamu nyekundu mkononi mwake, bila ruhusa, nikageuza daftari la juu, na nyuma ya jalada nikaandika kwa herufi kubwa: REGE.

Alilisoma. Akalisoma tena midomo ikicheza. Shemeji alisogea, akachungulia begani kwake, kisha akayageukia magunia na kuyapa uso, mabega yake yanatikisika.

“Kwa hiyo ulikubali,” dada alisema taratibu. “Wewe. Ulikubali kushindwa.”

“Nilikubali.”

“Sasa mimi ningejuaje? Hujawahi.”

Akacheka. Alianza kwa pumzi tu, kisha sauti ikaingia ndani ya kicheko, ikajaa, kuku wakatawanyika, na shemeji akaacha kujificha. Akasema l zangu amezizoea miaka yote, anazitafsiri bila kufikiri, lakini siku ile alikuwa anangoja kuambiwa kitu kimoja tu, na alipokisikia hakutafuta maana nyingine. Mimi nilicheka mpaka nikashika ubavu. Sijui lini nimewahi kuona jua zuri kama la siku ile. Nilijihisi kama nimetuliwa gunia la kilo mia begani.

Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na akaniuliza swali ambalo nilipaswa kulitegemea.

“Na sauti je? Uliionaje?”

Mimi kudanganya nadanganya, ni fundi, kila siku namwambia mtu nguo yake imebaki vifungo tu wakati hata kitambaa sijakikata. Neno zuri lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini alikuwa ananitazama, na kovu lake lilikuwa linaonekana juu ya kola, na nikashindwa.

“Sikuisikia, dada,” nilimwambia. “Nilisikiliza rula.”

Aliichukua kalamu yake nyekundu kutoka mkononi mwangu. Afadhali angenitukana. Baadaye alinieleza, kwa utulivu ulioniumiza zaidi, kwamba siku ile watoto wa zamu ya Jumamosi walipoondoka alifunga mlango wa darasa, akakaa kwenye dawati la nyuma, na akaimba mara moja tu, ya kwanza tangu Mwanza. Sauti aliificha kwenye ubishi wetu makusudi. Kama isingefaa, ingekuwa ni mfano wa gita tu, hakuna aliyeimba. Akaituma kwa mtu mmoja duniani. Mimi nikasikiliza meza.

Nilimwomba radhi, na sikutia mzaha. Aliniacha niombe mpaka nikamaliza. Halafu akasema jambo ambalo shemeji alikuwa analijua wiki tatu zote na alikatazwa kulisema. Ule ujumbe wangu ulimliza jioni moja. Asubuhi yake aliamka na hasira, akafungua Biblia, akatoa karatasi ya daktari. Kila siku baada ya vipindi alibaki darasani akiyapigia kelele madawati: a, e, i, o, u, juu, chini, juu. Zile kelele nilizozisikia nyuma ya shemeji zilikuwa ni hizo, alizihamishia nyumbani siku za mwisho wa wiki. Alikuwa amepanga sauti ikikaa sawa aje sokoni Bariadi, asimame mlangoni kwangu, aimbe mbele ya wateja wangu, nikose pa kuficha uso.

“Ungeniambia imetoka vizuri, ningeishia hapo,” alisema. “Ningeirudisha karatasi kwenye Biblia.”

Nilitaka kujisifu kidogo, maana ndivyo nilivyo, nikaona uso wake nikajizuia. Sikufanya lolote la maana. Nilishindwa kutamka herufi moja na nikashindwa kusikiliza mtu mmoja, na mambo yakawa mema kwa mkono wa mwingine. Nilishukuru hivyohivyo, na bado nashukuru.

Akayaweka madaftari chini. Akanyoosha shingo kama walivyomfundisha, akavuta pumzi, na akaanza ubeti wa wimbo wa tatu, bila rula safari hii, mikono imelala mapajani. Niliinamisha kichwa nikasikiliza. Si ile sauti niliyokua nayo. Imeshuka, ina mchanga kidogo, na haikimbilii juu kama zamani, inapanda kwa uangalifu. Shemeji naye alikaa chini kwenye gunia. Sikujua mguu wangu uko wapi, wala gita lingedonoa wapi.

Alipomaliza hakuniuliza chochote. Nilimwambia mwenyewe: kuna mahali katikati, kwenye mstari wa tatu, sauti inakwama, inataka kukatika, halafu inapita.

Akatikisa kichwa kukubali.

“Hapohapo,” alisema. “Hata mimi napasikia.”